Crown yangu ya harusi imeitwa teksi bubu. Nibadilishe namba au niache?

MamaVitenge, Mwanjelwa

Habari zenu humu ndani, wakubwa shikamooni. Siku zote mimi nasoma tu na kupita, leo nimelazimika kuandika.

Nauza vitenge Mwanjelwa, tangu soko la zamani kabla halijaungua 2006. Biashara ya magari siijui na sikuwahi kuitaka. Mwaka juzi mzee wangu alipostaafu tukavuta Toyota Crown nyeupe, ya kwendea kanisani na kumpeleka mama mkwe kliniki. Basi. Halafu jirani yetu wa Forest akaozesha binti, akatuomba gari, tukampa bure, tukaipamba na riboni. Ile gari ilivyong'aa siku ile! Wiki iliyofuata mtu simjui ananipigia: "Mama, ile Crown mnakodisha?" Nikashangaa mdomo wangu wenyewe unasema laki na nusu, mafuta juu yenu. Akasema sawa bila hata kuomba punguzo. Ndiyo ikawa hivyo, Jumamosi mbili tatu kwa mwezi, miezi ya harusi hata nne.

Nina mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, amemaliza chuo na ajira hana. Akaniambia mama mdogo, Jumatatu mpaka Ijumaa gari imelala tu, niachie niwe napeleka watu uwanja wa ndege Songwe. Nikamwachia. Ijumaa iliyopita kasimamishwa Mbalizi, ana abiria 4 na mabegi. Askari kaangalia namba za njano, kaangalia bima, kaangalia leseni yake, kawauliza abiria swali moja tu, kisha akaandika. Makosa mawili, elfu 30 kwa 30. Akamwambia, "Nenda kamwambie mwenye gari hii ni teksi bubu, siku nyingine inalala kituoni."

Teksi bubu, yaani teksi isiyo na leseni! Mimi na umri wangu huu.

Naomba mnieleweshe. Ile ya harusi nayo ni biashara ya kuombewa leseni au ni hii ya uwanja wa ndege tu? Nikibadilisha namba kuwa nyeupe, nimemaliza? Na kama tunatumia gari wenyewe siku nyingine na kukodisha siku moja, ni lazima yote hayo? Bima ninayo, nilikata ile ya 118,000, haijaisha.

Mkali wa Kabwe

Shikamoo mama, pole sana. Ila nikwambie ukweli, ukianza kufuata hayo makaratasi utauza vitenge vyote na gari bado haijatoka getini. Hapa mjini gari ngapi za njano zinapiga vichwa? Ist, Wish, Probox, zote hizo. Mwambie dogo aseme abiria ni shemeji zake. Kabla ya kuondoka wafundishane majina. Mimi mwaka wa tatu huu.

MzeePijo, Sokomatola

Huyo kijana wa Kabwe ana bahati tu, na bahati haina stakabadhi.

Mwanangu wa vitenge, marahaba. Mimi nimeanza teksi hapa Sokomatola na Pijo 504, enzi ambazo Julai asubuhi tulikuwa tunaisukuma gari watu wanne ndipo iwake, kwa baridi. Nimezipata leseni kutoka mamlaka iliyokuwepo kabla ya SUMATRA, kisha SUMATRA yenyewe, na tangu 2019 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Sheria ya Leseni za Usafirishaji ni ya 1973, mwaka mmoja na ile ya Usalama Barabarani. Kanuni zake ndizo zinabadilishwa mara kwa mara, na ndizo zinazotukamata.

Sasa nisikilize. Namba yako haibadiliki. Kama ni T na tarakimu tatu na herufi tatu, itabaki hiyo hiyo. Kinachobadilika ni rangi ya kibao na yale matumizi yaliyoandikwa kwenye kadi. Njano ni gari binafsi, nyeupe ni gari la biashara. Hilo ni la TRA, mamlaka ya mapato, maana wao ndio wasajili wa magari. Leseni ya kubeba abiria kwa malipo ni karatasi nyingine kabisa, ya LATRA. Wengi wanafunga namba nyeupe wakadhani wamemaliza. Namba nyeupe ni sare ya shule. Unaweza kumvalisha mtoto sare na bado jina lake halipo kwenye daftari la mwalimu.

Kuhusu harusi: ulipompa jirani bure, huo ni ujirani, hakuna wa kukuuliza. Ulipochukua laki na nusu kwa mtu usiyemjua, umekodisha. Iwe mara moja kwa mwezi, iwe kila siku, gari limepambwa au halikupambwa. Sheria haihesabu siku, inaangalia kama pesa imetoka kwa aliyebebwa. Usijidanganye kwamba Crown ya maharusi ni kitu cha heshima na teksi ni kitu cha kijiweni. Mbele ya leseni zote ni magari ya kukodi, tofauti ni aina tu. Langu mimi ni la kijiwe, ndiyo maana lina mstari ubavuni na kibao juu. Lako halina kijiwe, wakodishaji wanakupigia simu. Ukienda ofisini useme hivyo hivyo ulivyotueleza humu, usiseme "nataka leseni ya teksi" kwa sababu jirani amesema teksi.

Mpangilio ninaoujua, na nimeupitia na gari langu la sasa: unaanza TRA, una TIN, yaani namba ya mlipakodi, unaomba kubadilisha matumizi ya gari, unarudisha kadi na vile vibao vya njano. Hapo hapo watakukadiria kodi ya mapato, nenda na mzee wako msome karatasi pamoja kabla ya kutia saini. Ukishapata kadi mpya ndipo ukate bima ya biashara. Halafu gari likaguliwe na polisi: breki, taa, matairi, mikanda, mtungi wa kuzimia moto. Ndipo uombe LATRA, siku hizi ni kwenye mfumo wao wa mtandaoni wanaouita RRIMS. Mfumo unakupa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Leseni ni ya mwaka mmoja. Vijana wa steshenari pale mjini wanakujazia, ila kaa hapo hapo uangalie, wapo wanaoweka namba zao za simu na barua pepe zao kwenye akaunti yako, na mwakani huwezi kuingia mpaka uwatafute. Mimi ilinipata. Yule kijana alikuwa keshahamia Tunduma.

Na mpwa wako ana leseni ya udereva daraja gani? Hujasema.

Jambo la pili. Hao abiria wanne walikuwa wanafahamiana?

Kamwene, Ipogolo Iringa

Kamweneni wote. Mama, mzee amesema yote ila naomba nikae kwenye bima, kwa sababu ndipo nilipoumia mimi.

2021 nilikuwa na Wish, namba za njano, bima kubwa, nimelipia kila kitu, najiona mjanja. Nilikuwa nachukua watu Ipogolo na Miyomboni kuwapeleka Nduli, au Mafinga kama wana haraka. Siku moja natoka Mafinga usiku, mvua, ng'ombe katikati ya barabara. Nikamkwepa nikaingia kwenye korongo. Namshukuru Mungu abiria aliumia mkono tu. Gari mbele yote imekwisha.

Polisi wakachukua maelezo. Abiria wangu ni mama mstaarabu, mwalimu, aliandika ukweli kama ulivyo: "Nilikodi gari hili kwa shilingi 60,000." Sina la kumlaumu, yeye ndiye aliyefungwa mkono. Yale maelezo ndiyo yaliyokwenda kwa watu wa bima. Barua ikarudi ya aya mbili. Bima yangu ilikuwa ya matumizi binafsi, na ndani ya mkataba, kwenye yale maandishi ya sisimizi, imeandikwa gari haliruhusiwi kubeba abiria kwa malipo. Kwa hiyo matengenezo ni juu yangu. Nililipa milioni 6 na laki 8, nikauza kiwanja cha Igumbilo ambacho leo ukiniambia bei yake nitalia.

Wakala aliyenikatia ile bima, simtaji, alijua kabisa natumia gari kwa nini. Nilimpeleka mwenyewe Kihesa mara mbili na akanilipa! Alinikatia ya binafsi kwa sababu nilimwambia nataka ya bei nafuu.

Kwa hiyo mama ile 118,000 yako ni ya gari binafsi, tena ni ile ndogo, inayowalipa wengine tu. Gari yako mwenyewe haimo hata ukigonga ukienda kanisani. Sasa fikiria bibi harusi na bwana harusi wako nyuma, gari inateremka mlima. Elfu 30 ya trafiki inalipika. Ninayosema mimi siyo hiyo.

Na wewe Mkali wa Kabwe, ile ya shemeji inafanya kazi mpaka shemeji avunjike mguu.

MamaVitenge, Mwanjelwa

Mzee Pijo, ndaga fijo, asante sana. Kamwene, pole mwanangu, na kiwanja pia pole.

Nimemkalisha huyu kijana jana usiku baada ya kula. Kwanza leseni yake ni daraja D. Anasema gari ni gari.

Pili. Mzee umeniuliza kama wale abiria walikuwa wanafahamiana, nikamuuliza na mimi. Akaanza kuangalia ukuta. Kumbe hajakodishwa na mtu hata mmoja! Alikuwa anasimama Mafiati, anaita "Songwe, Songwe, bado mmoja", kila kichwa elfu 10. Miezi minne. Mimi ananiletea elfu 20 kwa siku ananiambia kapata safari moja na mafuta yamepanda. Lile swali la askari kwa abiria lilikuwa hili: "Umelipa shilingi ngapi?" Kila mmoja akataja yake.

Sijui nimchape au nimpe hesabu za duka, maana hesabu anazijua.

Sasa nauliza tena, nikishapata hiyo leseni ya kukodisha, ataruhusiwa kuita abiria namna hiyo?

MzeePijo, Sokomatola

Nilijua. Mtu aliyekodi gari la kwenda kupanda ndege hakai na mabegi ya wenzake watatu mapajani.

Hapana, hataruhusiwa. Kuna gari la kukodi na kuna gari la nauli. La kukodi, mtu au familia au kamati ya harusi inachukua gari zima, mnapatana bei, anakwambia twende wapi. La nauli unauza kiti. Ukiuza kiti umekuwa daladala, na leseni ya daladala imeandikwa njia, kutoka wapi mpaka wapi, na nauli yake si ya kwako kupanga, inatangazwa. Ndiyo maana Coaster na Hiace zina njia kwenye kioo na mkanda wa rangi. Sasa wewe mwenye leseni ya kukodi ukisimama Mafiati ukaita watu, wenye njia yao wanakuona mwizi, na wao ndio watakaokuitia trafiki, wala si bahati mbaya. Hapa mjini tumeona daladala na bajaji zinavyogombania vichwa vya Kabwe na Mwanjelwa, unataka Crown nayo iingie humo?

Leseni yake: daraja D haibebi abiria wa kulipa. Anatakiwa kundi la C. Kwa gari la abiria wasiozidi 4 ni C3, inamtosha Crown. Ila mimi ningemwambia achukue C2, inayofika abiria 15, maana mwanamke aliyeanza na Crown moja namjua anakoelekea, mwakani utaniambia umepata Noah au Alphard. Aende chuo cha ufundi VETA akasome kozi ya udereva wa magari ya abiria, apate cheti, ndipo daraja liongezwe. Na asome kweli. Kuna vijana wa Mbeya wanashuka mlima wa Mbalizi gia huru ili kuokoa mafuta.

Mtoro wa Tegeta, sasa Uyole

Naingilia kidogo kwa sababu najua anachokifikiria dogo sasa hivi: "basi nitajiunga na mtandao, nitakuwa halali." Nimemwona kwenye macho kabla hajaandika.

Mimi niliendesha taksi mtandao Dar miaka mitano, gari la bosi. Kuwa kwenye programu hakukupi leseni. Kampuni ina leseni yake, gari lina leseni yake, dereva ana daraja lake. Ukisimamishwa, askari haulizi nyota zako.

Na hela yake isikudanganye kwa mbali. Aprili 2022 LATRA iliweka kikomo cha kamisheni, asilimia 15. Sisi tukashangilia, tulikuwa tunakatwa 25. Haikupita muda Uber wakasimamisha huduma zao za kawaida mjini, wakisema kwa kiwango hicho hawawezi. Wiki ile nilikuwa napaki Mwenge naangalia simu kama mtu aliyeachwa. Wateja wakahamia kupiga simu, kupatana, kubishana. Januari 2023 kikomo kikapandishwa kuwa asilimia 25 na ada ya kuita gari asilimia 3.3, wakarudi. Hiyo yote ni siasa za wakubwa, lakini bosi wangu alitaka hesabu yake ya kila siku ile ile, Aprili kama Machi. Nikarudi zangu nyumbani, sasa nalima viazi na naendesha Noah yenye njia, Uyole kwenda juu huko. Nalala.

Mama, kitu kimoja ambacho wenzangu hawajasema. Andikishana na mpwa wako. Hesabu kwa wiki ni ngapi, mafuta ya nani, faini ya nani, gari likilala gereji nani analipa. Undugu mzuri ila daftari ni zuri zaidi kwa miezi minne kama hiyo iliyopita.

Mkali wa Kabwe

Sawa, wazee wameungana. Ila mnamtisha mama. Piga hesabu: namba mpya, bima ya biashara, ukaguzi, leseni, kodi, VETA ya dogo. Kwa harusi tatu kwa mwezi italipa lini?

MamaVitenge, Mwanjelwa

Mwanangu wa Kabwe, mimi nauza kitenge kwa faida ya elfu mbili mbili toka wewe hujazaliwa, hesabu usinifundishe. Nimekaa na daftari siku tatu. Nimeandika kila kitu upande wa kushoto, harusi upande wa kulia, na miezi ya Kwaresima nimeweka sifuri kwa sababu hakuna anayeoa. Harusi peke yake zinarudisha gharama ndani ya miezi mitano na kuanzia hapo ni zangu. Uwanja wa ndege nimeufuta. Wakija watu wa kukodi gari zima, sawa, lakini kuita Mafiati hapana.

Mzee wangu alikataa mwanzoni. Anasema gari ya familia ikiwa na namba nyeupe watu kanisani watadhani tumeishiwa tunabeba abiria. Nimemwambia kuishiwa ni kuuza kiwanja cha Igumbilo. (Samahani Kamwene.) Akanyamaza. Juzi tumekwenda TRA wote wawili, tumesoma karatasi kama mzee Pijo alivyosema, na ilikuwa vizuri tumesoma kwa sababu kwenye fomu waliandika gari la mizigo. Wamerekebisha. Vibao tunasubiri. Bima nitakata kadi mpya ikitoka, na nimemwambia wakala kwa mdomo wangu: kukodisha, abiria wanne. Bei ameitaja nikakaa chini. Lakini aandike hivyo hivyo.

Kijana anaanza VETA mwezi ujao, ada nimemlipia nusu, nusu ni zile elfu kumi kumi za Mafiati, anazijua zilipo. Mpaka apate C, harusi zitaendeshwa na dereva ambaye mzee Pijo ameniunganisha naye, ana C2 na hanywi.

Jumamosi hii nilikuwa na maharusi wa mtaa wa Ghana hapa Mbeya, wamelipa nusu. Kwa kuwa karatasi hazijakamilika nimewarudishia, nimewapeleka kwa mwenye leseni. Nimeumia. Ila wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi bado wapo, na mama wa bibi harusi ameuliza kama namba nyeupe zitaonekana kwenye picha. Nimemwambia asijali, tutazifunika na riboni.

MzeePijo, Sokomatola

Mwanangu, riboni weka kwenye boneti. Kufunika namba nalo ni kosa.